Pikipiki Waliyonichagulia

Mimi ni mfupi. Sisemi hivyo kwa kujihurumia. Ni kipimo tu, kama mtu anavyosema gunia hili ni dogo na lile ni kubwa. Nikisimama kando ya kaka yangu mkubwa, utosi wangu unafika kwenye mfuko wa shati lake. Katika kazi yangu ufupi haujawahi kunizuia. Natengeneza pampu za visima, zile za mkono ambazo akina mama huvutia maji huku jerikeni zimepangwa foleni. Kamati ya maji ikinipigia simu kwamba pampu yao imekataa, nafunga sanduku la spana nyuma ya pikipiki, nafunga mabomba ubavuni, naondoka. Leo Kuluva, kesho Omugo, wiki ijayo Koboko, huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Kwa miaka mingi nilikuwa na pikipiki ndogo, kuukuu, ambayo kiti chake kilikuwa chini. Nikisimama, nyayo zangu zote mbili zililala ardhini. Shida yake ilikuwa injini. Ikishabeba sanduku na mabomba, vilima vya njia ya Omugo viliishinda. Mara nyingi nilishuka nikaisukuma, mimi na mzigo na jua, huku waendesha boda wakinipita na kunipungia mkono. Nikaamua kununua nyingine yenye nguvu zaidi. Sikushauriwa na mtu. Niliamua mwenyewe, kwa jasho langu mwenyewe, na ningeishia hapo.

Kosa langu lilikuwa kumwambia kaka.

Baba alipofariki, kaka alichukua kiti chake mezani na sauti yake pia. Ni mwalimu, anaheshimiwa pale mtaani kwetu Mvara, na watu wanamletea magomvi yao ya mipaka ya mashamba. Nilipomwambia nataka pikipiki mpya, alisema, "Usiende peke yako. Wale wa madukani wakimwona mwanamke wanamuuzia takataka." Nilijua kuna ukweli ndani yake. Kwa hiyo nikakubali.

Tulikwenda Arua mjini siku ya Jumamosi. Nyumbani tunaongea Kilugbara, lakini dukani Kiswahili ndicho kinachotawala, Kiswahili chetu cha huku. Muuzaji alikuwa kijana mnene mwenye tabasamu la kudumu. Alimpa kaka mkono, akamvutia kiti cha plastiki, akamletea soda. Mimi nilibaki nimesimama.

"Mzee, unatafuta ya kazi au ya kutembea?" aliuliza.

"Ya dada yangu huyu," kaka alijibu. "Anakwenda vijijini. Anataka nguvu."

"Basi ni hii." Akapiga kofi kiti cha pikipiki moja nyekundu, ndefu, yenye magurudumu makubwa na kinga ya matope ya mbele iliyoinuka juu kama mdomo wa ndege. "Hii iko nguvu sana. Mawe, mchanga, inapita yote. Wazungu wa miradi wanatumia hii."

Nikasema kiti kiko juu mno. Nilisema kwa sauti, na kwa Kiswahili, ili wote wawili wasikie. Muuzaji aliendelea kumtazama kaka. "Atazoea," akamwambia. "Wewe utamufundisha."

Niliendesha pikipiki kabla kaka hajajua klachi iko mkono gani. Yeye hutembea kwa miguu au hupanda boda, mpaka leo.

Waliniambia nipande nijaribu. Nilipanda. Nilipoisimamisha wima, ncha za vidole vyangu ndizo zilizogusa sakafu, na sakafu ile ilikuwa ya saruji, tambarare kama meza. Kaka alikaa pale na soda yake akaniangalia, kisha akasema, "Unaona? Unafika." Kando ya ukuta palikuwa na nyingine, fupi, pana, ya rangi ya majivu. Niliinyooshea kidole. Kaka akasema ile ni ya kubebea mkaa, na fundi anayeheshimiwa hawezi kufika mbele ya kamati ya maji juu ya kitu kama kile. Muuzaji akacheka. Kaka akacheka.

Nami nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Hakuna aliyenishika shingo. Niliitikia, nikalipa, nikaipeleka nyumbani kwa vidole vya miguu.

Asiyeendesha huwa anadhani hatari iko kwenye mwendo. Ukiwa kwenye mwendo, pikipiki ndefu ni tamu, na ile nyekundu ilipanda vilima vya Omugo na mzigo wote bila kukohoa. Hatari iko pale unaposimama. Unaposimama, uzito wote unautegemea mguu mmoja, na mguu usipofika, basi. Tangi la mafuta lililojaa lilikuwa juu, sanduku la spana lilikuwa juu, na mimi nilikuwa juu ya vyote hivyo nikitafuta ardhi kwa ncha ya buti. Nikaanza kuishi kwa hesabu za ajabu. Kabla ya kusimama natafuta jiwe, au ukingo wa mtaro, au kichuguu, mahali popote palipoinuka ambapo ningeweza kuweka mguu. Nikikosa, nazunguka tena kama kichaa.

Mara ya kwanza niliangukia Mvara, karibu na lango la kanisa, watu wakitoka ibada. Niliteleza polepole, kama mtu anayelala. Wanaume wawili waliniinua, wakaiinua pikipiki, na mmoja wao akasema, "Mama, hii si saizi yako." Hakusema kwa ubaya. Watu wengine walicheka kidogo wakaendelea na safari zao. Kaka alisikia habari kabla sijafika nyumbani. Alisema, "Unatakiwa kujifunza. Usiniaibishe mbele ya kanisa."

Mara ya pili ilikuwa mbaya. Nilikuwa njiani kwenda Kuluva, ng'ombe wakavuka barabara mahali penye mteremko. Nilifunga breki vizuri, nikasimama vizuri, nikashusha mguu wa kulia. Upande ule barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Mguu ulishuka, ukashuka, haukukuta kitu. Pikipiki ikanifuata. Ekzosi, bomba la moshi lenye moto, ilinilalia kwenye nyama ya mguu, chini ya goti, na kwa sababu sanduku lilikuwa limenibana sikuweza kujitoa. Mchungaji wa ng'ombe, mzee mmoja, alikuja mbio akaivuta kwa nguvu zake zote. Niliposimama nilinusa nyama yangu mwenyewe.

Walinisafisha kidonda hospitalini, na muuguzi akaniuliza nimeungulia wapi. Nilipomweleza alisema kwa mwezi anaona miguu mingi ya namna hii, na kwamba iliyo mingi ni ya wanawake. Kisha akaendelea kufunga bandeji. Nilikaa pale kwenye benchi nikiwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sikujikasirikia mimi peke yangu.

Kaka alikuja kuniona. Alikuwa na suluhisho tayari. Alikuwa amezungumza na rafiki yake, fundi wa pikipiki pale Mvara, ambaye angeishusha. "Atapunguza kiti, atafupisha springi za shoku. Itakuwa ya kwako kabisa," alisema. Nilikuwa na mguu uliofungwa na sikuwa na nguvu ya kubishana. Akaichukua pikipiki yangu, akamlipa boda amwendeshee, akaipeleka.

Ilirudi baada ya siku nne. Sponji ya kiti ilikuwa imechongwa mpaka nikikaa nahisi chuma. Shoku za mbele zilikuwa zimeteremshwa, za nyuma zimewekwa fupi. Kweli, sasa nilifika kwa nusu ya wayo. Lakini niliona kitu kimoja. Nilipoiegesha kwa stendi ya pembeni, haikulala upande kama kawaida. Ilisimama karibu wima. Mimi ni fundi. Najua kwamba ukishusha mwili wa kitu bila kufupisha mguu wake, mguu unakisukuma kwenda upande wa pili. Nikamrudia fundi nikamuuliza kuhusu stendi. Alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu mwingine na hakutoka.

"Mzee, kaka yako, ameshaiangalia," alisema. "Amesema iko sawa."

"Yeye haiendeshi. Mimi ndiye naiendesha."

"Basi muongee na yeye."

Nilitaka kuikata stendi ile mwenyewe siku hiyo hiyo. Nilikuwa na msumeno wa chuma. Lakini simu ilipigwa kutoka Omugo, pampu ya upande wa makambi ya wakimbizi imekufa tangu juzi, na foleni imekuwa ya kupigana. Nikaenda.

Nilipofika, niliegesha kando ya kisima mahali palipoonekana imara, nikazuia gurudumu kwa jiwe, nikaanza kufungua kichwa cha pampu. Akina mama walikuwa wamekaa juu ya jerikeni zao wakisubiri. Nilikuwa nimevuta bomba la pili kutoka kisimani niliposikia mlio wa chuma na mtu akiguna. Pengine upepo, pengine mtu aliigusa akipita. Pikipiki ilikuwa imepinduka kwenda upande usio na stendi, juu ya mama mmoja aliyekuwa amekaa na kunyoosha miguu. Sanduku langu la spana lilikuwa juu ya kifundo cha mguu wake.

Tuliinua, watu sita kwa mara moja. Mama yule, mtu mzima aliyekuja kutoka Sudan Kusini na wajukuu, hakulia. Alishika mguu wake na kuutazama ukivimba. Nilipiga magoti mbele yake nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kilugbara, kwa kila nilichokuwa nacho. Alinijibu kwa Kiswahili cha shida, akiwa amenitazama usoni: "Mashine hii iko mrefu kuliko wewe. Nani alikupa?"



Boda alimpeleka kituo cha afya nami nikabaki nimalize pampu, kwa sababu watu mia wasingeweza kukosa maji kwa ajili ya aibu yangu. Mguu haukuvunjika. Ulivimba wiki mbili. Nilikwenda mara tatu kumwona, nikampelekea sukari na sabuni, na kila safari nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mguu juu ya kigoda, wajukuu wakichota maji badala yake. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Jumapili ya kwanza baada ya ajali ile nilikwenda kwa kaka. Walikuwa wanakula, yeye, mke wake na mama yetu ambaye anaishi nao. Nilimweleza kilichotokea, polepole, tangu stendi mpaka kifundo cha mguu wa yule mama. Aliendelea kumega chakula. Nilipomaliza akasema, "Shida ni kwamba hujui kuegesha."

Sijui kama nimewahi kupandisha sauti katika nyumba ile kabla ya siku hiyo. Nilimwambia: "Kaka, ulichagua pikipiki ambayo huwezi kuiendesha, kwa mtu ambaye hukumpima, kwa kazi ambayo hujawahi kuiona. Ukaipeleka kwa fundi ambaye hakuniuliza neno. Nilisema dukani kwamba iko juu. Ulinisikia. Fundi aliulizwa kuhusu stendi. Akasema wewe umeshaangalia. Uliangalia nini?"

"Unaongea na nani hivyo?"

"Naongea na wewe."

Mama alisema, "Mwanangu, kaa ule." Sikukaa.

Kaka alinawa mikono. Kisha akasema kwa sauti yake ya darasani, ile ya kuwafanya wanafunzi wajione wadogo, kwamba kama nimeshindwa, niiuze, ninunue skuta kama akina mama wa ofisini, na kazi ya vijijini niwaachie wanaume wenye miguu. Mke wake aliinamisha kichwa. Nilitoka. Nilikuwa na hasira hata nikasahau kutafuta jiwe la kukanyagia, nikairukia ile pikipiki kama mtu anayerukia punda, nikaondoka.

Baada ya siku chache nilikuwa na kazi Koboko. Lami ya kwenda kule ni nzuri, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ambayo ningemwambia kaka, nikiyaboresha kila kilima. Nilipomaliza kazi, kabla ya saa sita, nilipita kwa mfanyabiashara mmoja Mkongo ambaye huuza pikipiki kuukuu na kubadilishana. Si duka; ni uwanja wenye paa la mabati na pikipiki zimepangwa kama mbuzi wa mnada. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mkimya, uso umekunjamana, anakunywa chai bila kumkaribisha mtu. Nilimwambia nataka kubadilisha. Akaitazama ile nyekundu, akanitazama mimi, akatazama kiti kilichochongwa. Nilimsubiri acheke.

"Unabebaka kitu gani?" aliuliza.

Kaka hakuwa ameniuliza hivyo. Wala muuzaji wa Arua. Wala fundi wa Mvara.

"Spana na mabomba ya chuma," nikasema. "Sanduku zito hivi."

"Barabara ya mawe?"

"Mawe, na mchanga, na vilima."

Akaweka kikombe chini. Alinionyesha tatu, akaziondoa mbili yeye mwenyewe. Moja kwa sababu kiti ni chembamba lakini tangi linakaa juu, nyingine kwa sababu injini yake ilikuwa imeshafunguliwa mara nyingi. Iliyobaki ilikuwa ya kijani iliyofifia, ndefu kwa mwili lakini fupi kwa kimo, kiti kiko chini, injini imekaa karibu na ardhi, na nyuma ina chanja pana la chuma. Ilikuwa na sura mbaya. Nilipotaka kupanda alinizuia.

"Weka vitu yako juu kwanza. Pikipiki bila muzigo inadanganya mutu."

Tukahamisha sanduku na mabomba. Akajaza tangi mpaka juu, mafuta yake. Nikapanda. Nyayo mbili, zote, na magoti yamekunjika kidogo. Nikaiinamisha kushoto, nikairudisha. Nikaiinamisha kulia, upande wa kidonda, nikairudisha. Nikaiendesha hadi kwenye mteremko nyuma ya soko, nikasimama katikati nikiwa nimeelekea juu, nikaiachia irudi nyuma hatua moja, nikaishika. Nikageuka, nikafanya hivyo nikielekea chini. Nikaishusha kwenye stendi, nikaisukuma kwa mkono, nikaisukuma kwa kiuno. Ilikaa. Nikapita juu ya mawe ili nijue kama tumbo lake litagonga, kwa maana ufupi nao una hasara zake, na iligonga mara moja, kwenye jiwe ambalo ningeweza kulikwepa. Nilikaa kule karibu saa nzima. Hakuniita wala hakuja kunitazama. Niliporudi alikuwa amemaliza chai.

Tulikubaliana palepale. Aliichukua ile nyekundu akasema kwao, ng'ambo ya mpaka, kuna watu warefu wataipenda. Nilifunga kofia yangu ngumu nikaanza safari ya Arua, na kwa kilomita nyingi sikufikiri maneno ya kumwambia mtu yeyote.

Kaka alipoiona alikasirika kuliko nilivyotarajia. Alisema nimetoa mpya nikachukua mkweche, tena bila kumwambia. Nilimjibu kwamba ni yangu. Akageuka, akaondoka.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini miezi michache baadaye, kwenye msiba wa jirani, tulikuwa tumekaa uani wanaume kwa wanawake, na mtu mmoja akaisifu pikipiki yangu ya kijani, akasema amenipita njiani Omugo nikiwa na mzigo wa kubebwa na watu wawili na nimetulia. Kaka akajibu haraka, akitabasamu: "Tulihangaika sana kumtafutia inayomfaa."

Nikasema, "Hapana. Hii nilitafuta mwenyewe. Wewe ulinitafutia ile iliyoniunguza mguu na kumwangukia mama wa watu."

Sikupaza sauti. Kaka akasimama akaenda kusaidia kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mama alikuja kwangu wiki hiyo. Alisema nimemvua kaka nguo mbele ya watu, na kwamba niende nikamwombe radhi, kwa ajili yake yeye mama, ili nyumba ikae. Nilimpikia chai nikamsikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia nitakwenda kumsalimia kaka kila Jumapili kama kawaida, nitakula chakula chake, nitawauliza habari zao. Radhi sitaomba. Mama alikunywa chai, akasema mimi ni mgumu kama baba.

Nimekwenda kila Jumapili. Kaka hunisalimia, nami humwitikia. Hunisogezea bakuli la mboga. Tunazungumza habari za mvua, za bei ya mihogo, za shule yake. Pikipiki huwa nje, mbele ya mlango, na hakuna anayeitaja. Yule mama wa Omugo anatembea vizuri. Aliniambia majuzi mguu unamsumbua tu wakati wa baridi ya asubuhi. Kaka hajawahi kuniuliza habari zake hata siku moja, na mimi sijamwambia. Namsubiri aulize.